Jinsi ya Kuandaa Safari ya Misheni ya Vijana wa Usharika Kutoka Kagera Kwenda Rwanda

Kwa usharika ulioko Ngara, Biharamulo au Karagwe, daraja la Rusumo, lililo mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ni karibu mno kuliko Dodoma au Dar es Salaam, na kutoka darajani hadi Kigali ni mwendo wa kilomita 160 hivi. Ukaribu huo huwafanya walezi wengi wa vijana waione safari ya Rwanda kama ziara ya kwaya kwenda mtaa wa jirani, ilhali ni safari ya kuingia katika nchi yenye sheria zake, lugha yake na majeraha yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walezi, wazee wa kanisa na wachungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanaokusudia kuwapeleka vijana huko kwa wiki moja au mbili, na msimamo wake ni mmoja: ratiba ya safari hiyo iandikwe na wenyeji, na wageni waifuate.

Barua itangulie ratiba

Makosa mengi ya safari za misheni hutokea kabla ya gari kuwashwa. Kamati ya vijana hukutana, huamua kwamba itahubiri siku tatu, itapaka rangi jengo la kanisa siku mbili na itafundisha watoto siku moja, kisha huwaandikia wenyeji kuwaarifu. Mwenyeji aliyelelewa vyema hawezi kumkatalia mgeni, kwa hiyo hukubali yote, hata kama jengo lake halihitaji rangi na watoto wake wako shuleni wiki hiyo. Njia iliyo sahihi ni kuandika barua inayouliza: je, mnapenda tuje, ni wakati gani unaowafaa, na kuna kazi gani ambayo mngependa tuifanye pamoja nanyi? Barua hiyo ipite kwa mchungaji, mkuu wa jimbo na ofisi ya dayosisi, na jibu lirudi kwa njia hiyo hiyo. Wako wanaouona mzunguko huo kuwa ni urasimu, lakini ndio unaowalinda vijana wanapoulizwa mpakani au na viongozi wa serikali ya mtaa upande wa pili wamekuja kwa mwaliko wa nani.

Kwa Walutheri wa Tanzania njia hiyo imekwisha kufunguliwa. Kanisa la Kilutheri la Rwanda lilianzishwa baada ya mwaka 1994 na Wanyarwanda waliorejea kwao baada ya kuishi Tanzania kama wakimbizi kwa miaka mingi, na wengi wao walikuwa wameijua imani hiyo kwenye sharika za huku. Utakuta huko wazee wanaozungumza Kiswahili cha Kagera na wanaozijua liturujia na nyimbo zetu. Vijana waelezwe habari hiyo mapema, wasije wakadhani kwamba wanakwenda mahali ambapo injili haijafika. Waelezwe pia kwamba uamsho ulioenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 ulipata nguvu kubwa Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, na kutoka upande huo ukafika hadi Kagera. Kijana anayejua kwamba babu zake walipokea kutoka Rwanda huingia kanisani huko kwa adabu tofauti na yule anayejiona kuwa ndiye mletaji.

Kikundi kiwe kidogo

Vijana kumi au kumi na wawili wanatosha, pamoja na walezi wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Basi zima la kwaya huwalemea wenyeji kwa chakula na malazi, tena huwafanya vijana wakae wenyewe kwa wenyewe wakizungumza mambo ya nyumbani. Uteuzi ufanywe na baraza la wazee kwa kuangalia mwenendo na utayari wa kujifunza, wala usiwe zawadi kwa wale ambao wazazi wao wametoa mchango mkubwa. Kijana aliye chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya maandishi ya wazazi wote wawili au ya mlezi wake wa kisheria, iliyothibitishwa mbele ya wakili, na nakala yake ibaki kwa mchungaji nyumbani. Kuhusu kulala, wasichana wawe pamoja na mlezi wao, na pasiwe na kijana atakayepangiwa kulala peke yake katika nyumba ya mtu asiyefahamika kwa usharika mwenyeji. Kanuni ya kutokuwa peke yako na mtoto wa watu mahali pa faragha iwabane wote, wakiwemo walezi.

Hati, chanjo na gari

Maombi ya pasipoti yaanze miezi kadhaa kabla ya safari, kwa sababu kikwazo huwa ni vyeti vya kuzaliwa vya waombaji na vya wazazi wao, ambavyo familia nyingi vijijini hazina. Raia wa Tanzania halipii viza kuingia Rwanda kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini hati ya kusafiria lazima iwepo, na kitambulisho cha taifa peke yake kisitegemewe. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, maana cheti chake huanza kutambulika kimataifa baada ya muda huo; tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hivyo aliyekwisha kuchanjwa na kutunza kadi yake hana haja ya kurudia.

Afya ya mpakani isipuuzwe katika ukanda huu. Ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza na kuua, ulitangazwa Kagera mwezi Machi 2023, ukatangazwa Rwanda Septemba 2024, kisha ukatangazwa tena Kagera, wilayani Biharamulo, Januari 2025. Kwa hiyo mlezi afuatilie matangazo ya wizara za afya za nchi zote mbili hadi wiki ya kuondoka, na awe tayari kuahirisha safari bila kuona aibu. Vyandarua vichukuliwe, kwani mashariki mwa Rwanda kuna malaria kama ilivyo kwetu, na kadi ya bima ya afya ya nyumbani isitegemewe hospitalini huko; litengwe fungu la fedha za matibabu.

Gari la kukodi liwe na bima ya kuvuka mpaka, ile inayojulikana kama kadi ya njano ya COMESA, pamoja na dereva aliyewahi kuendesha Rwanda, kwa sababu ukishavuka daraja magari hupita upande wa kulia wa barabara. Vijana nao wafundishwe kuangalia upande wa kushoto kwanza wanapovuka barabara kwa miguu. Kituo cha Rusumo ni cha pamoja, na daraja lake jipya lilizinduliwa mwezi Aprili 2016, hivyo ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, jambo dogo ambalo limewahi kuwafikisha wageni kanisani kabla ya mwenye funguo. Mizigo isifungwe kwenye mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku huko tangu mwaka 2008.

Masomo ya kabla ya kuvuka daraja

Hapa ndipo ninapowasihi walezi watumie muda mwingi kuliko penginepo pote, hata kama mazoezi ya kwaya yatapungua. Vijana wakutane mara kadhaa na mchungaji au mwalimu anayeijua historia ya Rwanda, wajifunze kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kagera si mgeni wa historia hiyo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo takribani watu 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24 hivi na kuingia Ngara, ambako kambi ya Benaco ilianzishwa, na miongoni mwao walikuwemo watu wasio na hatia pamoja na walioshiriki kuua. Wapo wazee wa Ngara wanaoikumbuka miili iliyokuwa ikielea katika Mto Kagera. Mmoja wao akiombwa kuzungumza na vijana, kikao hicho kitawafaa kuliko semina nyingi.

Jambo la kwanza litakalotokana na masomo hayo ni ulimi. Sisi Watanzania huulizana makabila kwa urahisi, na Mhaya akikutana na Mnyambo au Mhangaza utani huanza kabla ya salamu kumalizika. Rwanda swali la kabila haliulizwi. Utambulisho huo ulikuwa umeandikwa kwenye vitambulisho vya watu, na mwaka 1994 kitambulisho kilitosha kumfanya mtu auawe kwenye kizuizi cha barabarani. Vitambulisho vya leo haviutaji, na sheria huadhibu maneno yanayochochea mgawanyiko au kukanusha mauaji hayo. Kijana asimuulize mwenyeji wake ni wa kundi gani, asikisie kwa sura au urefu, wala asiulize familia yake ilikuwa wapi mwaka ule. Mwenyeji akianza kusimulia mwenyewe, kazi ya mgeni ni kusikiliza.

Jambo la pili ni kwamba mengi yalitendeka makanisani. Ntarama, Nyamata na Nyarubuye ni majengo ya kanisa ambamo watu walikimbilia wakiamini kwamba watasalimika, wakauawa kwa maelfu. Nyarubuye iko wilaya ya Kirehe, upande ule ule wa Rusumo, na Nyamata ni miongoni mwa maeneo manne ya kumbukumbu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Naamini kwamba kikundi cha kanisa kinachokwenda Rwanda kinapaswa kutembelea mojawapo ya maeneo hayo, ila iwe katikati ya safari, baada ya kuzoeana na wenyeji na kabla ya siku ya kurudi, ili pawepo na jioni ya kuomba na kuzungumza pamoja nao. Mavazi yawe ya heshima, simu zizimwe, na sheria za mahali hapo kuhusu picha zifuatwe. Mlezi asimlazimishe kijana kuingia ndani. Kadhalika, safari isipangwe katika wiki ya kumbukumbu inayoanza tarehe 7 Aprili, isipokuwa kama wenyeji wamewaalika kuomboleza pamoja nao, na ikumbukwe kwamba maombolezo huendelea kwa siku 100, hadi mwanzoni mwa Julai.

Lugha nayo iandaliwe. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini ibada za vijijini ni za Kinyarwanda. Kijana anayejua Kihangaza ataelewa mengi; wengine wajifunze salamu, shukrani, Sala ya Bwana na angalau wimbo mmoja. Mahubiri yanayopitia kwa mkalimani huchukua muda maradufu, kwa hiyo yaandikwe mafupi, yasiwe na mafumbo ya kwetu, na mkalimani apewe nakala siku moja kabla.

Kazi za huko

Mkutano wa injili wenye vipaza sauti sokoni au stendi, tuliouzoea huku, usipangwe. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu taasisi za dini iliweka masharti juu ya majengo ya ibada na elimu ya wahubiri, na mwaka 2024 ukaguzi ulifunga maelfu ya nyumba za ibada ambazo hazikuyatimiza. Mkutano wa hadhara bila kibali unaweza kuwagharimu wenyeji kanisa lao, nanyi mtakuwa mmekwisha kurudi nyumbani. Hubirini pale mlipokaribishwa kuhubiri, na mchungaji mwenyeji aamue.

Nafasi nzuri ya kutumika ni umuganda, kazi ya pamoja inayofanywa asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambapo wananchi husafisha mitaro, hutengeneza barabara au hupanda miti, kisha huketi katika mkutano wa kijiji. Tarehe za safari zipangwe ili siku hiyo iwemo. Kijana aliyeshika jembe bega kwa bega na vijana wa kijiji hupata marafiki haraka kuliko aliyesimama mbele yao akiwafundisha. Asubuhi hiyo usafiri huzuiwa, kwa hiyo isiwe siku ya kuingia wala kuondoka. Siku nyingine wafanye zile kazi ambazo wenyeji huzifanya kila siku, kama kuchota maji, kulima, kutembelea wagonjwa na kufanya mazoezi ya kwaya pamoja. Kazi ya fundi wa pale apewe fundi wa pale; ikiwa kanisa linahitaji kupigwa plasta, fedha za vijana zimlipe fundi, nao wawe vibarua wake. Picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila ruhusa ya wazazi.

Fedha na zawadi

Mnada baada ya ibada, wa ndizi, mayai, kuku na kahawa, bado ndio njia bora ya kuchangia, kwa sababu usharika wote huwa umeshiriki na una haki ya kuuliza. Mhasibu asiwe mlezi wa msafara. Wenyeji watakataa kupokea fedha za chakula, kwani mgeni kwao, kama kwetu, hatozwi, lakini kulisha watu kumi na wanne kwa wiki nzima ni mzigo. Mchungaji azungumze faraghani na mwenzake, na kiasi kitakachokubaliwa kikabidhiwe kwa mtunza hazina wa usharika ule kwa stakabadhi. Msibebe robota la mitumba kama zawadi: Rwanda ilipandisha sana ushuru wa nguo hizo tangu mwaka 2016, na mzigo huo utawakwamisha mpakani. Kahawa ya Kagera hupokelewa vizuri kila mahali. Vijana wasiahidi kitu kwa mtu binafsi, iwe ada ya shule au simu. Ahadi zote zipitie kwa mchungaji.

Baada ya kurudi

Ndani ya mwezi mmoja taarifa mbili ziandikwe, ya fedha na ya safari, zisomwe kanisani na nakala zitumwe kwa wenyeji, waone yaliyosemwa juu yao na wayasahihishe. Fedha zilizobaki ziwe mwanzo wa mfuko wa kuwapokea vijana wa Rwanda, kwa maana safari ya upande mmoja haijengi undugu wa sharika mbili. Barua ya kuwaalika itumwe kabla ya mwaka kwisha, na safari hiyo wao ndio wawe wageni, wahubiri madhabahuni kwetu kwa Kinyarwanda, nasi tutafute mkalimani.