Wikendi Zanzibar inalipa? Piga hesabu hii kabla hujakata tiketi ya boti

Kila mwisho wa mwezi kuna mtu ananiuliza, dada twende Zenji wikendi hii au hela niiache ikae. Nimegundua wengi tunauliza bei tu, "itakuwa shingapi jumla", tukishaambiwa tunaona ni nyingi au inavumilika, basi tumeamua. Mimi nakaa Dar, nimeshavuka mara nyingi kiasi chake, kuna safari nilirudi nimeshiba furaha wiki nzima na kuna moja nilirudi na uchungu wa hela kabisa, na tofauti haikuwa bei, maana ile mbaya ndo ilikuwa ya bei rahisi. Kwahiyo saivi nafanya hesabu moja: nachukua hela yote itakayotoka mfukoni, nagawanya kwa saa nitakazokuwa macho kisiwani. Usihesabu siku wala usiku, hesabu saa.

Kwanini saa? Kwa sababu safari fupi inakuibia muda bila wewe kujua. Chukua watu wawili, tuseme mke na mume, wanatoka kazini ijumaa saa kumi na moja. Boti ya jioni inatoka bandarini mnamo saa kumi, kwahiyo ijumaa imeshakufa, mtalala Dar. Jumamosi mnaamka saa kumi na moja alfajiri, mnapanda ile ya saa moja, baharini ni kama masaa mawili, saa tatu mko bandarini Malindi, mjini Zanzibar. Kama mnaenda Nungwi kule kaskazini ni kama kilomita 60 kutoka mjini, mpaka mtoke bandarini, mpate gari, mfike, ni saa tano. Chumba hamjapewa bado, hoteli nyingi wanakupa kuanzia saa nane, ila mabegi mnaacha mapokezi mnaingia ufukweni, hapo hakuna shida. Jumapili sasa, boti ya saa kumi inabidi mfike bandarini saa tisa, Nungwi mtoke saa saba, na kabla ya hapo kuna kuoga, kufunga mabegi, kurudisha chumba, kula. Ukiwa mkweli jumapili inaisha saa sita mchana. Haya hesabu: jumamosi saa tano asubuhi mpaka saa nne usiku ni saa 11, jumapili saa moja mpaka saa sita ni saa 5. Jumla 16. Ukimwambia mtu "naenda wikendi nzima" anafikiri siku mbili, kumbe ni saa 16.

Sasa hela. Namba hizi ni za mfano, wewe weka zako ulizoulizia wiki hiyo, maana zinabadilika. Tenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hela ambayo unaitoa hata ukilala usiku mmoja au kumi: boti za watu wawili kwenda na kurudi tuseme 140,000, bajaji za Dar 20,000, gari ya Nungwi kwenda na kurudi 120,000. Jumla 280,000. Fungu la pili linaongezeka kila usiku: chumba 150,000, kula na kunywa 100,000, jumla 250,000. Usiku mmoja basi ni 530,000, gawa kwa 16 unapata kama 33,000 kwa saa. Mkiongeza usiku mmoja, mkachukua ruhusa ya jumatatu, mnapata saa kama 15 nyingine za kuwa macho, inakuwa 780,000 gawa kwa 31, kila saa imeshuka mpaka 25,000. Usiku wa tatu inakuwa 1,030,000 gawa kwa 46, inashuka tena ila kidogo, kama 22,400. Umeona inavyokwenda? Usiku wa pili ndo unaokomboa nauli, wa tatu ni wa raha yako tu. Kwahiyo ufukwe wa mbali kwa usiku mmoja mimi sishauri mtu, na nasema hivyo nikijua kabisa watu wanaenda kila wikendi.

Ila ngoja, usiku mmoja sio mbaya kama utalala mjini. Hii watu wa Dar wanaidharau sana, wanaona Zanzibar ni mchanga mweupe tu, wanapita Mji Mkongwe kwenye gari vioo vimefungwa. Ukilala mjini ile 120,000 ya gari haipo, unashuka botini unatembea kwa miguu na begi lako, saa tatu umeshaanza kula kisiwa, na jumapili unakaa mpaka saa tisa kwa sababu bandari iko hapohapo. Saa 21 badala ya 16, hela 410,000 badala ya 530,000, kila saa inakuwa chini ya 20,000. Na sio kwamba utakaa tu, una soko la Darajani asubuhi, una vichochoro vya kupotelea na milango ya nakshi, una mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Changuu kuona makobe wakubwa, mchana unakula urojo, jioni bustani ya Forodhani unakula pweza huku vijana wanajirusha baharini. Mwaka 2000 UNESCO waliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia, na ni mji ambao watu bado wanaishi humo, wanafua, wanapeleka watoto madrasa, unaona maisha.

Mama yangu nilimpeleka hivyo, anatoka Dodoma, umri wa miaka 63 alikuwa hajawahi kupanda chombo cha majini. Nilitaka kumpeleka kwenye hoteli ya ufukweni nikaona hapana, mama hatovaa nguo ya kuogelea, kitu atakachopenda ni watu na soko. Tulikaa Forodhani kuanzia magharibi mpaka saa nne, akala mahindi tu na chai ya tangawizi, akaangalia watoto wanavyoruka, akaniambia mwanangu hii bahari kumbe inanguruma hata usiku. Ile safari ndo yenye saa za thamani kuliko zote nilizowahi kulipia. Kwahiyo kabla ya kugawanya, jiulize unayekwenda naye anataka nini hasa, maana saa ambayo mwenzio amenuna chumbani usiihesabu.

Haya tuje kwenye kitu ambacho hakuna anayekwambia ukiulizia hoteli, nacho ni maji. Ile safari yangu yenye uchungu ilikuwa Paje, upande wa mashariki, nimepata chumba bei nzuri sana, na nilichagua wikendi ya mbalamwezi makusudi nikiona itapendeza. Tumefika saa tano, bahari haipo. Yani kweupe, mchanga na majani, maji yako kule mbali karibu na mwamba, unatembea dakika nyingi unafika yanakugusa magoti. Yakarudi alasiri, saa kumi yamejaa vizuri tukaoga mpaka giza. Jumapili asubuhi tumeamka na hamu, yanaondoka tena, na yalipokuwa yanarudi sisi tuko kwenye gari tunakimbilia boti. Saa 16 zile, za kuogelea zilikuwa tatu.

Mtu wa pwani angeniambia mapema, maana wenyewe wana maneno yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Na kwa Zanzibar siku za bamvua maji huwa yamekupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, yanajaa jioni mnamo saa kumi, halafu kila siku saa hizo zinasogea mbele kama dakika 50. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa asubuhi kwenye saa nne hivi na hata yakitoka jioni hayaendi mbali. Kwahiyo kama hoteli yako iko Paje, Jambiani, Bwejuu, upande wote ule, angalia kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 na 15 ni bamvua, zile za 7, 8 na za 22 ni maji mafu, na yote yanachelewa siku moja mbili hivi. Ukitaka uhakika zaidi kuna jedwali la maji kupwa na kujaa kwenye intaneti, unaandika Zanzibar na tarehe yako linatoka. Nungwi na jirani yake Kendwa hawasumbuki sana na hili, pale ufukwe una kina karibu, unaoga karibu siku nzima, ndo maana vyumba vya kule bei iko juu. Hapo unalipia maji, na kwa safari fupi inaweza kuwa na maana kulipa zaidi kule kuliko kuokoa 50,000 kwa usiku ukaangalia mchanga.

Ila msielewe kwamba maji yakitoka hakuna kitu. Ukiwa na usiku tatu, asubuhi ya bamvua Jambiani ni nzuri mno, kina mama wanashuka kwenye mashamba ya mwani, wamefunga kanga viunoni, wanakata na kufunga kamba, unatembea mpaka mwambani unaona nyota za bahari na chaza. Mwenye saa 16 hana nafasi ya kusubiri, mwenye 46 anayo.

Msimu nao uangalie. Julai na Agosti, na kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya, wageni wa nje wamejaa na bei inapanda. Masika, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, vyumba vinashuka sana lakini mvua inaweza kukulaza ndani siku zote mbili, na baadhi ya hoteli zinafunga kabisa. Mimi napenda mwanzo wa Juni, mvua imekata na bei haijapanda bado. Kusi ikishaanza kuvuma boti inayumba, ukiwa na tumbo jepesi kaa chini, katikati au nyuma, usikae mbele kabisa juu, na usile chapati nzito asubuhi ile. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa mingi mjini imefungwa na kula hadharani haifai, kwahiyo kama mpango wako ni kutembea na kula, sogeza tarehe. Kama unapenda futari na utulivu basi nenda, jioni zake ni tamu.

Kuhusu kupunguza hela: ukiulizia chumba usiishie kwenye ile bei ya dola ya mtandaoni, piga simu au tuma meseji, sema uko Tanzania, omba bei ya mkazi, na kitambulisho cha NIDA ubebe kwa sababu utakihitaji hata bandarini. Uliza chai ya asubuhi imo au haimo, uliza ukiahirisha wanarudisha kiasi gani, na majibu yawe kwa maandishi. Nungwi daladala 116 ipo, nauli yake haifanani hata kidogo na ya teksi ila weka karibu masaa mawili, na ukishaongeza muda huo kwenye hesabu utaona kwa usiku mmoja daladala inakula saa zako, kwa usiku tatu inakuokoa. Ukishuka botini mapapasi, wale vijana wa kutafutia wageni safari, watakuzunguka, wengine wana safari za kweli za kwenda kuchungulia samaki, lakini bei ya pale getini sio ya mwisho, salimia vizuri, shukuru, pita, ukipumzika ndo uulize sehemu mbili tatu. Na tenga fungu la tatu, la vitu visivyo na jina: maji ya kunywa, viungo vya kupelekea watu, aisikrimu ya mtoto. Mimi naongeza moja ya kumi ya jumla yote na huwa inaisha.

Jumla yako ikitoka, ilinganishe na kitu kingine unachokijua. Kisiwa cha Mbudya kwa mfano, unapanda boti pale Kunduchi asubuhi unarudi jioni, unakaa kwenye banda, unakula samaki wa kukaanga, maji masafi kabisa, na unalala kwako. Bongoyo vilevile kutokea Msasani. Kama hamu yako ni kuoga baharini tu, Mbudya mara mbili kwa mwezi inakupa saa nyingi kwa hela ndogo, na sioni aibu kumwambia mtu hivyo. Kisiwa cha Mafia sasa ni kinyume chake, kuna papa potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, kuanzia Oktoba mpaka Februari, kitu cha kuona kabla hujafa, lakini kwa njia ya nchi kavu ni gari mpaka Nyamisati kule wilaya ya Kibiti, kisha chombo mpaka Kilindoni, siku nzima imekwisha, kwahiyo chini ya usiku tatu usiiguse.

Na hela itoke wapi? Kama inatoka kwenye kibubu au mchezo umefika zamu yako, nenda na moyo mweupe. Kama unaenda kukopa kwa wale wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza, ili upige picha Kendwa, naomba sana usiende, nimeona dada mmoja wa ofisini kwetu analipa wikendi ya Februari mpaka Juni, na kila akiona zile picha anaumia.

Sisi tumeshapanga yetu. Usiku mbili, Jambiani, tarehe 8 ya mwezi wa Kiislamu, ruhusa ya jumatatu nimeshaomba. Tiketi ya kurudi nimekata pamoja na ya kwenda, maana boti za kurudi jioni zinajaa, na ukiikosa unalala usiku mwingine ambao hukuuweka kwenye hesabu.