Kumpeleka mtoto Mtwara au Lindi wakati wa shule Uingereza: ongea na nyumbani kabla ya kuongea na shule

Simu ikiingia kutoka Newala au Nachingwea mwezi wa kumi, mara nyingi ni ya harusi. Korosho zimeanza kufika ghalani, minada imefunguliwa, fedha iko mkononi, na wazee wameshakaa na kuamua: Novemba. Kwao ni uamuzi wa busara kabisa. Kwa mzazi anayeishi Leicester au Reading na watoto watatu wa shule, tarehe hiyo iko katikati ya muhula, na hakuna barua ya maombi, hata iandikwe vizuri vipi, itakayomfanya mwalimu mkuu aite harusi ya Novemba dharura.

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza si na shule, ni na ukoo. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, yaani Septemba, chukua kalenda ya likizo za shule ya mwanao, itume nyumbani kwenye kundi la WhatsApp la familia, na useme wazi: tukitaka watoto wahudhurie, hizi ndizo tarehe. Shughuli inayoweza kusogezwa mwezi mmoja husogezwa ikiwa taarifa imefika mapema. Kadi zikishachapwa, haisogei tena.

Sheria inasemaje

Tangu 2013, walimu wakuu wa Uingereza yenyewe (England, si Uskoti wala Wales) hawaruhusiwi kutoa ruhusa kwa ajili ya likizo ya kawaida ya familia. Zile siku 10 ambazo wazazi wa zamani wanazikumbuka ziliondolewa. Kilichobaki ni "mazingira ya kipekee", na anayepima upekee huo ni mwalimu mkuu mwenyewe. Yeye pia ndiye anayepanga idadi ya siku. Ukiomba 10 anaweza kukupa 3. Mwaka 2017 baba mmoja wa Isle of Wight alipigania jambo hili hadi Mahakama ya Juu, akijitetea kwamba binti yake alikuwa na mahudhurio mazuri kwa ujumla. Alishindwa. Mahakama ilisema kuhudhuria ipasavyo ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule. Kwa hiyo hoja ya "mwanangu hajawahi kukosa" haina nguvu kisheria, ingawa inasaidia kumlainisha mwalimu mkuu.

Hesabu inafanywa kwa nusu siku: asubuhi ni kipindi kimoja, mchana ni kingine. Vipindi 10 visivyo na ruhusa ndani ya wiki 10 za masomo vinatosha kuilazimu shule ifikirie faini. Hizo ni siku 5 tu, na hazihitaji kufuatana. Hapa wengi huteleza. Mzazi anamtoa mtoto siku 4 akiamini yuko salama, halafu wiki ya sita mtoto anachelewa mara mbili, anafika baada ya rejista kufungwa. Kuchelewa kwa namna hiyo huhesabiwa kama kutokuwepo bila ruhusa. Hesabu imetimia. Wiki hizo 10 pia zinaweza kuvuka kutoka muhula mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo usidhani Januari inafuta ya Desemba.

Kuanzia Agosti 2024 faini ni pauni 160, inayopungua hadi pauni 80 ukilipa ndani ya siku 21. Ukivuka siku 21, una hadi siku ya 28 kulipa 160 kamili. Inatozwa kwa kila mzazi, kwa kila mtoto. Baba, mama na watoto watatu ni faini 6: pauni 480 mkiwahi, pauni 960 mkichelewa. Mara ya pili ndani ya miaka 3 kwa mtoto yuleyule ni 160 moja kwa moja, bila punguzo. Mara ya tatu hakuna faini ya aina hiyo tena. Suala linaweza kwenda mahakamani, ambako adhabu inafika pauni 1,000, na kwa kosa zito zaidi pauni 2,500. "Mzazi" hapa ni pamoja na baba au mama wa kambo anayeishi na mtoto na kumlea.

Faini hiyo inalipwa kwa halmashauri, si kwa shule, na haina rufaa ya kisheria. Usipolipa, unashtakiwa kwa kosa lenyewe la utoro wa mtoto. Kwa mhamiaji tofauti hii ni kubwa. Faini iliyolipwa kwa wakati si hukumu ya jinai. Hukumu ya mahakama ni hukumu, na itabidi uitaje utakapoomba uraia. Kuna wazazi wanaosema tiketi za Novemba ni nafuu hata ukijumlisha faini. Hesabu yao ya fedha inaweza kuwa sahihi safari ya kwanza. Safari ya tatu haihusu fedha tena.

Mtoto ambaye hajafikia umri wa lazima wa kwenda shule hana faini. Umri huo huanza muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5, hata kama ameshaanza darasa la awali. Familia yenye mtoto wa miaka 4 ina nafasi nzuri ya kusafiri, mradi hana kaka au dada shuleni.

Msiba

Sababu inayokubalika zaidi ni kufiwa na ndugu wa karibu, ikifuatiwa na ugonjwa wa mwisho wa babu au bibi. Lakini fomu ya shule huuliza tarehe ya mazishi, na hapo ndipo maombi yetu hukwama. Kwa familia nyingi za Mtwara na Lindi marehemu anazikwa siku hiyohiyo au kesho yake. Wewe ukifika Masasi, kaburi lina siku tatu. Ukiandika "mazishi tarehe 12" na tiketi inaonyesha umesafiri tarehe 15, mwalimu mkuu anaona uongo mahali ambapo hakuna uongo.

Andika mambo yalivyo. Kwa mfano: "Bibi mzaa baba wa watoto alifariki Masasi tarehe 12 na alizikwa siku hiyo kwa taratibu za Kiislamu. Familia nzima inakutana kwa dua ya arobaini tarehe 20 ya mwezi ujao. Huo ndio mkusanyiko mkuu wa maombolezo kwa jamaa walio mbali." Sentensi hizo zinamwambia mtu asiyejua mila zetu kitu anachoweza kupima. Ukiacha neno arobaini bila maelezo, atadhani ni kumbukumbu tu inayoweza kusubiri Krismasi.

Ambatisha ushahidi. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kinaweza kuchukua muda, kwa hiyo mwombe ndugu aliyeko nyumbani aende kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa siku za mwanzo, achukue barua yenye muhuri, jina kamili la marehemu, tarehe ya kifo na uhusiano wake na watoto. Aipige picha kwenye mwanga mzuri. Muhuri uliofifia hausomeki kwenye simu. Tafsiri ya Kiingereza iende pamoja na nakala ya Kiswahili. Angalia pia majina: kama marehemu anaandikwa jina la ukoo tofauti na la watoto, eleza uhusiano kwa mstari mmoja.

Maombi yenyewe yaletwe kabla ya safari, na mzazi anayeishi na mtoto. Ruhusa haitolewi baada ya tendo. Barua fupi inatosha: jina na darasa la mtoto, siku ya mwisho atakayokuwepo, siku atakayorudi darasani, idadi ya siku za masomo zinazopotea, sababu, na kwa nini haiwezi kungoja likizo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Usitaje bei ya tiketi. Usiseme umeshakata tiketi ukidhani itamlazimu akubali. Walimu wakuu wengi huchukulia kwamba uamuzi umeshafanywa na ruhusa inaombwa kwa adabu tu. Kama una watoto shule mbili tofauti, peleka barua zenye maneno na tarehe zilezile.

Na kusema mtoto anaumwa, achana nako kabisa. Unamfundisha mtoto wa miaka 7 kubeba uongo mbele ya mwalimu anayempenda, na atausema siku ya kwanza tu, akiwa na hina mikononi na habari za bahari ya Mikindani mdomoni. Shule ikikubaini, hata ombi lako la kweli mwakani litasomwa kwa shaka.

Kwa sikukuu, shule hutoa ruhusa ya siku yenyewe ya Idi. Haiwi wiki ya Idi nyumbani.

Jando na unyago

Hapa panahitaji uangalifu. Walimu wa Uingereza wanafundishwa kuangalia dalili za ukeketaji, na moja ya dalili hizo ni msichana kupelekwa Afrika kwa muda mrefu kwa "sherehe ya kimila". Ukeketaji ni kosa kubwa chini ya sheria ya 2003, hata ukifanyika nje ya nchi. Unyago wa kusini unajulikana kwa mafunzo, nyimbo na ngoma, lakini mwalimu wa Birmingham hawezi kujua hilo kwa kukisia. Ukiulizwa, usikasirike; jibu moja kwa moja nini kitafanyika na nini hakitafanyika. Na kabla ya kujibu, kaa na makungwi na shangazi zake uhakikishe wewe mwenyewe unajua. Jambo lolote linalogusa au kubadilisha sehemu za siri za mtoto, hata kama nyumbani halihesabiwi kuwa ukeketaji, liondolewe wazi kabla hajapanda ndege. Mtoto kwanza, mila itapata namna.

Jando la mvulana halipaswi kuwekwa kwenye likizo ya wiki mbili. Kidonda kinataka muda kupona, na uangalizi wa hospitali. Kama mmekubaliana wazazi wote wawili, ni la Julai na Agosti.

Likizo ipi inafaa

Likizo kubwa, mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, ndiyo bora kwa kusini. Ni kiangazi, barabara ni kavu, hata Liwale kunafikika. Kasoro yake ni kwamba binamu zao wanakuwa shuleni mchana, na nauli za ndege ziko juu. Wanaoishi Uskoti wana bahati kidogo: wao hufunga mwishoni mwa Juni, kwa hiyo wanawakuta wenzao wakimalizia likizo ya Juni.

Desemba watu wote wako nyumbani na sherehe ni nyingi, lakini una wiki mbili tu na mvua zimeanza. Likizo fupi ya mwishoni mwa Oktoba ni siku 9 ukihesabu wikendi zote mbili. Hapo tumia siku za mafunzo ya walimu: shule nyingi zina 5 kwa mwaka, watoto hawaendi, na mara nyingi huwekwa pembeni mwa likizo. Zimo kwenye kalenda ya shule. Siku moja ya namna hiyo hukupa siku kamili nyumbani bila kuomba mtu.

Kwa safari fupi usipande basi. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 kupitia Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru na Lindi, siku nzima njiani, na Masasi ni kama kilomita 200 zaidi kutoka Mtwara. Ndege ya Dar kwenda Mtwara ni takribani saa moja. Wakati wa masika barabara inaweza kukatika kabisa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliharibu madaraja na kukata njia ya kusini, na magari yakakwama. Kwa hiyo rudi Dar angalau siku mbili kabla ya ndege ya kimataifa, mwezi wowote wa mvua.

Mzazi mmoja anaposafiri na mtoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto mwenye pasi ya Uingereza anahitaji viza ya Tanzania kama mtu mzima, dola 50, inayoombwa mtandaoni. Na ikiwa bibi ndiye anayemchukua mtoto, faini bado ni ya wazazi walioruhusu.

Nje ya Uingereza

Uskoti haina faini hizi za papo kwa papo. Wales bado inamwachia mwalimu mkuu nafasi ya kuruhusu hadi siku 10 kwa mwaka. Uholanzi ni kali: likizo nje ya kalenda hutolewa tu kama kazi ya mzazi haimruhusu kusafiri wakati mwingine, mara moja kwa mwaka, si zaidi ya siku 10, na kamwe si wiki mbili za kwanza za mwaka wa shule. Ujerumani kila jimbo lina utaratibu wake, na polisi wa Bavaria wamewahi kukagua familia uwanja wa ndege kabla ya likizo kuanza. Marekani fuata kanuni za wilaya yako ya shule.

Mkichelewa kurudi

Ndege imeahirishwa, barabara imekatika, au mtoto amepata malaria, ambayo Mtwara na Lindi si jambo la ajabu. Andikia shule barua pepe siku hiyohiyo, kabla ya kengele ya asubuhi ya siku aliyotakiwa kuwepo. Ambatisha ujumbe wa shirika la ndege, au karatasi ya hospitali yenye jina la mtoto, tarehe, kipimo na muhuri. Taja siku mpya ya kurudi, na ikibadilika andika tena. Kukaa kimya ndiko kunakoponza: mtoto aliyepewa ruhusa asiporudi ndani ya siku 10 za masomo baada ya ruhusa kwisha, na shule na halmashauri zikamtafuta bila mafanikio, jina lake linaweza kufutwa. Hapo utaomba nafasi upya, na kama darasa limejaa, atapelekwa shule nyingine.

Mkisharudi, dawa ya kinga ya malaria iendelee kwa muda iliyoandikiwa. Zipo za siku 7 baada ya safari na zipo za wiki 4. Homa yoyote katika miezi inayofuata, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ametoka wapi, maana daktari wa huko mnakoishi asipoambiwa hatafikiria malaria kwanza.