Pokkali: kupanda mpunga kwenye shamba lililokunywa chumvi

Pwani ya Kerala, India, hasa wilaya za Ernakulam, Thrissur na Alappuzha, kuna mashamba ambayo bahari huingia na kutoka kwa lango. Novemba hadi Aprili maji yake ni ya chumvi. Mvua za kusi zikianza Juni, mito hujaa na kuisukuma chumvi nje mpaka karibu Oktoba. Mpunga wa kienyeji uitwao Pokkali umelimwa humo kwa karne nyingi, katika miezi hiyo michache tu.

Wengi hukosea hapa: Pokkali huvumilia chumvi, haiipendi. Mche mchanga wa siku chache bado huweza kuungua chumvi ikizidi, na ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya mbegu kugusa udongo.

Aprili, maji yakitoka, funga lango, ziba kingo kwa tope na uache shamba likauke. Kisha pandisha udongo kwa jembe uwe vichuguu vya duara, upana wa mita moja chini na kimo cha nusu mita. Usivisawazishe juu mapema. Mvua za kwanza huvipiga, na chumvi hushuka pamoja na asidi, kwa sababu udongo huu una salfa na ukikauka huchachuka. Mvua ikichelewa, subiri. Anayesia kwenye kichuguu ambacho hakijaoshwa atapata miche yenye ncha nyeupe zilizokauka, kisha mabaka matupu.

Mbegu hutayarishwa kwa ustadi ambao ungestahili kuigwa kwingine. Zitie kwenye pakacha la makuti lililotandikwa majani ndani, ulifunge vizuri, ulizamishe kwenye kidimbwi cha maji baridi (yasiyo na chumvi) saa 12 hadi 15. Litoe, liweke kivulini. Mzizi ukichungulia tu, mbegu hutulia humo pakachani na zinaweza kukaa hadi siku 30 zikingoja mvua. Siku ya kusia, zirudishe majini saa 3 hadi 6, kisha zimwage juu ya vichuguu vilivyosawazishwa kileleni. Kichuguu sasa ndicho kitalu.

Baada ya siku 30 hadi 35, miche ikifika sentimita 40 hivi, kata kichuguu kwa jembe vipande vipande, kila bonge na miche yake michache, uyasambaze shambani. Mizizi hubaki na udongo wake, hivyo mche haushtuki. Usikate miche ikiwa mifupi kuliko kina cha maji: itazama. Lango ndilo linalopima kina hicho, kwa hiyo likaguliwe kila bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida.

Mbolea ya dukani haihitajiki. Mabaki ya majani, kamba wa majini na samaki wa msimu uliopita yanatosha. Mmea hurefuka hadi kukaribia mita mbili kisha hulala, jambo linalomtisha mgeni, lakini masuke hubaki yamesimama juu ya maji. Mwisho wa Oktoba, vuna masuke tu, ukikata sentimita 30 za juu. Mavuno ni madogo, tani 1.5 hadi 2 kwa hekta. Mabua yaache yaoze majini.

Novemba chumvi inarudi, na mabua yanayooza yanakuwa chakula cha kamba. Maji yakijaa usiku, fungua lango na utundike taa. Kamba wachanga huifuata na kuingia. Yakitoka, weka wavu wa fito za mianzi langoni wasirudi. Bamvua la mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndilo la kuvua, kwa wavu wa mfuko uliofungwa mdomoni mwa lango.

Uvumilivu wa Pokkali umesafiri mbali. Taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI, Ufilipino, iliizalisha na aina nyingine ya mpunga, IR29, na kupata mpunga uitwao FL478, yenye kipande cha kromosomu namba 1 kiitwacho Saltol, kinachosaidia mmea mchanga kudhibiti sodiamu isipande kwenye majani. Wazalishaji wa mbegu wengi huanzia hapo.

Huko kwao Kerala tatizo ni jirani. Kamba wana faida kuliko mpunga, na wapo wanaoshikilia maji chumvi mwaka mzima. Chumvi hiyo hupenya ukingo na kupanda kwenye vichuguu vyako kutoka chini, na mvua haiwezi kuifikia. Kabla ya kushika jembe Aprili, kaulize kama lango la upande wa pili litafungwa.