Somo: Kuchora uwanja wa sherehe Lamu kwa QGIS

Swali la jinsi ya kuchora ramani ya uwanja wa sherehe na kujua unaingia watu wangapi limeulizwa mpaka basi. Nalijibu hapa mara moja.

1. Pakua QGIS, programu ya kuchora ramani; ni ya bure.

2. Chagua EPSG:32737, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Ukiacha 4326, unaopima kwa digrii, bafa (ukanda wa kuzunguka kitu) ya "2" itakuwa digrii 2, yaani zaidi ya kilomita 200. Ramani kongwe za Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, zibadilishwe kwanza, la sivyo zitakaa kando takriban mita 300.

3. Vichochoro pima kwa tepu. GPS ya simu hupotea baina ya kuta ndefu. Pima penye baraza, panapobana, si mdomoni mwa kichochoro.

4. Ufuo. Hapa ndipo tunapoharibu, na mimi nimo. Picha ya setilaiti ikipigwa maji yamekupwa, mchanga mbele ya ukuta wa bahari huonekana kama uwanja wa bure. Unauchora, unaupangia watu na hata njia ya kutokea; siku ya sherehe maji yanajaa, na njia haipo. NENDA siku ya bamvua (maji makubwa), saa ya maji kujaa, utie alama ya chaki ukutani yanapofika. Mstari huo ndio mwisho wa uwanja wako. USIPIME siku za maji mafu (yasiyojaa sana), utajidanganya.

5. Hesabu. Toa jukwaa na njia, kisha weka watu 2 kwa mita ya mraba. Mita za mraba 700 ni watu 1,400. Viwanja vya Uingereza huhesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana; kwetu, penye giza na punda, tumia nusu, 41. Kuwatoa wote kwa dakika 8 kunataka upana wa mita 4.3. Kichochoro cha mita 1.5 hupitisha 61 tu kwa dakika.

6. Usipigilie msumari kuta za chokaa. Turubai lisimame lenyewe, na miguu ikazwe kwa magunia ya mchanga.

MASWALI

– Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome ya Lamu, panaingia watu wangapi?
Hatua ya 5. Pima, toa, zidisha.

– Nimeshachora kwa picha ya setilaiti, sina haja ya kwenda ufuoni, sivyo?
Hatua ya 4, bwana. Imeandikwa kwa herufi kubwa.

– Shikamoo. Sisi tunaandaa Maulidi. Tarehe yafuata mwezi. Je, bahari nayo?
Marahaba, swali zuri hili. Bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwa siku moja au mbili. Kilele cha Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ni Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita, mwezi unapoelekea kwisha, kwa hiyo maji makubwa huwa yanakaribia. Chora ramani mbili, ya kujaa na ya kupwa, na njia ya kutokea ihesabiwe kwa ile ya kujaa.

– Ramani ya wasimamizi wa uwanjani tuipeleke kwa simu?
Hapana, juani haisomeki. Chapa A3 kwa kipimo cha 1:250. Inaenea mita 105 kwa 74.

– Nami msomaji naongeza: chapa nyeusi na nyeupe, kisha itie kwenye mfuko wa nailoni. Jasho la Mkunguni saa saba lafuta wino.