Daftari la baipola: namna ya kuufuatilia ugonjwa mwaka hadi mwaka

Nunua daftari la kaunta, lile lenye jalada gumu, maana utaandika kwa miaka. Letu ni la mdogo wangu, fundi seremala hapa Morogoro, mwenye baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwenye kuchangamka kupita kiasi na kumshusha kwenye huzuni nzito; akiwa vizuri hulijaza mwenyewe. Kila siku mstari mmoja tu: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, moyo ukoje, dawa kameza au hakumeza. Ukijifanya kuandika kitabu kizima utachoka mapema.

Kurasa za mwanzo ni za yaliyopita. Kaa na mama, shangazi na rafiki zake wa shule, mkumbushane. Baipola huanza mara nyingi ujanani, na kwa wengi hutangulia huzuni. Wa kwetu alipokuwa kidato cha nne alijifungia chumbani, hali, haogi. Wakasema mvivu, wengine wakataja jini. Kuchangamka kulikuja baadaye sana: anaongea kama chiriku, anakopa mbao za kujengea kiwanda, halali na hachoki. Daktari ajue yote mawili. Akiona huzuni peke yake anaweza kuandika dawa za sonona, na hizo zikitumika bila dawa ya kutuliza kupanda na kushuka, zinaweza kumrusha mtu juu.

Safu ya kuikodolea macho ni ya usingizi. Kwetu dalili huwa siku mbili tatu za kulala kidogo, kisha simu saa tisa usiku: "Dada, amka, nimepata wazo!" Kitabibu, kuchangamka huko kupita kiasi kukidumu wiki nzima huitwa mania, ila wewe usingoje wiki iishe. Andika pia kilichotangulia: kukesha msibani, basi la usiku, pombe, dawa kuachwa. Kila mgonjwa ana chake.

Kati ya vipindi vya kuugua anaweza kuwa mzima kabisa kwa miezi, hata miaka, na hapo ndipo dawa hutupwa. Kukatisha ghafla lithiamu, mojawapo ya dawa za kutuliza kupanda na kushuka, huurudisha ugonjwa kwa urahisi, na kwa baadhi ya watu vipindi huzidi kukaribiana. Vikifika 4 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, mwonyeshe daktari kurasa hizo, huenda akabadili tiba. Anayetumia lithiamu apimwe damu kama alivyopangiwa, na kabla ya kufunga Ramadhani aulize kwanza, kwa sababu mwili ukikauka dawa hupanda kwenye damu. Akitetemeka sana, akiyumba au akitapika, hospitali siku hiyohiyo.

Ukurasa wa mwisho jazeni akiwa na akili zake timamu: nani ashike laini ya pesa, hospitali ipi, nani ampeleke. Wa kwetu alimchagua mjomba, eti mimi nafoka. Sawa, kasaini.

Siku akitaja kufa, achana na daftari. Weka mbali dawa na chochote cha kujidhuru, usimwache peke yake, na mwende hospitali usiku huohuo.