Somo: Kutengeneza kifuniko kigumu cha buti kwa gari la porini

Wakuu, kile kifuniko cha kitambaa kinachokuja na gari kazi yake ni kuficha mzigo tu. Ukifunga breki ghafla hakizuii kitu, na mwizi anakipasua kwa kisu. Cha mbao kinazuia, lakini kwa sharti moja: kishikwe na bodi ya gari, siyo plastiki za pembeni. Plastiki zile ni pambo, mzigo mzito ukirushwa kutoka chini zinang'oka.

Andaa plaiwudi ya kuhimili maji ya milimita 12, anglaini (chuma cha umbo la L), bolti na washa pana, bawaba ndefu, mpira, vanishi, kapeti na gundi yake.

Anza na kiolezo, na usikiharakishe. Kuta za buti hazijanyooka, kwa hiyo futi peke yake itakudanganya. Chukua vipande viwili vya kadibodi, kimoja kila upande. Kata kidogo kidogo ukifuata ukuta mpaka kikae, kisha viunganishe katikati kwa solotepu. Funga mlango wa nyuma kadibodi ikiwa ndani uone kama kuna panapogusa. Unapohamishia kwenye mbao, punguza milimita 5 kila upande. Bodi hujipinda kidogo gari likipita kwenye mashimo, na mbao iliyobana italia njia nzima. Kimo kisizidi mgongo wa kiti cha nyuma.

Sasa vishikio, yaani vipande vya anglaini vya kubeba kifuniko. Kabla ya kutoboa popote, tafuta matundu yenye nyuzi yaliyopo tayari: ya pete za kufungia mzigo, au ya viti vya safu ya tatu kama umeviondoa. Nati zake zimeshikamana na bodi tangu kiwandani. Bolti za mikanda ya usalama usiziguse kabisa. Ikibidi kutoboa, fungua plastiki kwanza uone kwa macho kilichopo nyuma: nyaya, mabomba ya breki na mafuta, mifuko ya hewa. Ukishatoboa, paka rangi kwenye ukingo wa tundu, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Kata kifuniko vipande viwili: cha mbele kifungwe kwa bolti, cha nyuma kifunguke kwa bawaba na kiwe na kitasa. Meno ya msumeno mdogo wa umeme hukata yakipanda, hivyo laza uso mzuri chini.

Kingo ndizo zinazokunywa maji. Zipige vanishi mara tatu na msasa laini katikati. Gundi ya kapeti paka pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike ukianzia katikati kwenda nje. Ikishashika hairudi nyuma. Malizia kwa mpira juu ya kila kishikio.

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu, kwa nini tusitumie milimita 18 tukamaliza kazi?
Jibu: Ni ngumu zaidi, tena zaidi ya mara tatu. Ila mita moja ya mraba ya milimita 12 ina kilo 8 hivi, ya 18 inafika 12, na wewe ndiye utakayeinua kila siku. Bora gundisha mbavu za mbao chini ya ile nyembamba.

Swali: Nina MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) nyumbani, inafaa?
Jibu: Hapana ndugu. Ile ya kawaida ikipata maji inavimba, na skrubu za bawaba zinachomoka.

Swali: Naweza kupanga mabegi juu yake?
Jibu: Vitu vyepesi tu, tena vifungwe kwa mikanda. Kilichopo juu ya kifuniko kiko karibu na usawa wa vichwa vya abiria.

Swali: Kiti cha mtoto mkanda wake wa juu unafungwa kwenye sakafu ya buti. Nifanyeje?
Jibu: Swali zuri sana hili. Kata upenyo kwenye kipande cha mbele, mkanda upite umenyooka kutoka kitini hadi kwenye nanga yake bila kugusa mbao, na kingo za upenyo uzilainishe kwa msasa. Kama haunyooki, toa kipande hicho kila mtoto anapopanda. Mkanda uliopindia juu ya mbao unalegea mbao ikihama, na hapo kiti hakijashikwa.