Kuchagua na kutunza miti ya viota vya vigogota kabla ya kuvuna msitu

Katika misitu ya Ufini na Uswidi, mashine ya kuvunia huangusha mti kwa sekunde chache, kwa hiyo ukaguzi ufanyike mapema. Wakati mzuri ni mwisho wa Machi hadi Aprili. Miti ya majani mapana bado ni mitupu, matundu yanaonekana ukiwa chini, na vibanzi vibichi vinavyotupwa na ndege hubaki wazi juu ya theluji. Beba darubini, tepu ya kupimia, utepe wa rangi na kifaa cha GPS.

Anza na miti ya aspeni, mti wa majani mapana wa misitu hii. Kigogota mweusi, mkubwa kuliko vigogota wote wa Ulaya, huipenda sana, ingawa hutoboa pia misonobari mizee. Zungusha tepu kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini. Mzingo ukifika sentimita 126, kipenyo ni 40, na mti huo ukaguliwe kwa makini. Mti ukiwa chini ya sentimita 30 za kipenyo, kigogota huyu hana haja nao: chumba chake hufika upana wa sentimita 20 hivi, na ukuta lazima ubaki mnene vya kutosha usivunjike kwa upepo.

Unene peke yake hautoshi. Tafuta kuvu ngumu, nyeusi-nyeusi, yenye umbo la kwato, inayoota kwenye makovu ya matawi. Hiyo ni Phellinus tremulae. Huozesha moyo wa aspeni huku mti ukiendelea kuishi na ganda lake la nje likibaki gumu, na ndiyo nyumba anayoitafuta kigogota: laini ndani, imara nje. Mnunuzi wa mbao huuita mti huo hasara, hivyo kuuacha hakumgharimu mwenye msitu fedha nyingi. Mwambie hilo mapema, kabla hajauweka kwenye hesabu ya kuni.

Sasa tazama juu. Tundu la kigogota mweusi ni la duara refu, upana sentimita 8 hadi 9 na urefu 11 hadi 13, kwa kawaida kwenye sehemu ya shina isiyo na matawi. La kigogota madoa mkubwa ni mviringo wa sentimita 5 hivi. Kigogota wa vidole vitatu hutoboa tundu la ukubwa unaokaribia huo, mara nyingi kwenye sprusi (mti wa jamii ya misonobari) iliyokufa au inayokufa. Ukiona pia mistari ya vitobo vidogo vinavyozunguka shina la sprusi hai, huenda ni yeye aliyekuwa akinywa utomvu. Wengi hukosea kwenye mashimo marefu ya pembe nne yaliyo sehemu ya chini ya shina. Hapo ndege alikuwa akichimbua sisimizi wanaoishi ndani ya mbao. Ni pa kula, si pa kulala.

Tundu la zamani lisidharauliwe. Kigogota mweusi huweza kurudi miaka kadhaa, na akihama huingia bundi wadogo, bata wanaotaga mitini, au kindi arukaye. Chini ya aspeni tafuta vinyesi vya manjano vya ukubwa wa punje za mchele. Ukivipata, simamisha mpango wa kukata eneo hilo na uwasiliane na mamlaka, kwani kindi huyo analindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Funga utepe kuzunguka shina zima. Alama ya upande mmoja haionekani na dereva anayetokea upande wa pili, na miti mingi mizuri hupotea hivyo. Ingiza pia alama kwenye ramani ya mashine. Usiache mti uliotobolewa ukiwa peke yake katikati ya uwanda: upepo huukatia palepale penye tundu. Acha kundi, pamoja na aspeni za sentimita 20 hadi 30 zitakazorithi nafasi yake, maana machipukizi huliwa na kulungu wakubwa wa kaskazini (moose) na mengi hayafiki ukubwa huo. Kundi liwe mbali na misonobari michanga. Aspeni hubeba kutu ya Melampsora, ugonjwa wa kuvu unaopinda vichipukizi vya msonobari, na ndiyo sababu moja wenye misitu wengi wamekuwa wakizikata.

Visiki virefu vya mita 3 hadi 5 huwapa ndege chakula kizuri na hufaa vigogota wadogo, lakini havichukui nafasi ya aspeni hai.

Rudi mwezi Juni. Vifaranga wa kigogota madoa hulia mfululizo na husikika kutoka mbali. Usigonge shina, simama kando na usikilize. Wakisikika ndani ya eneo la kazi, mashine isogezwe upande mwingine hadi waruke. Vifaranga wa kigogota mweusi hukaa kiotani siku 24 hadi 28.